Vumbi la Nyayo za Baba

Nilipokuwa mtoto, kwetu Ujiji, nyumba ya mtu aliyevuka ziwa haikufagiwa mpaka arudi. Ilisemekana ufagio unafuta nyayo zake, na akikosa nyayo hana njia ya kurudia. Uani ulifagia upendavyo. Ndani, hapana.

Mama yangu aliitwa Mwajuma binti Saidi. Naliandika jina lake kamili kwa sababu mtaani alijulikana kama mke wa Issa tu, na baadaye kwa jina baya zaidi.

Baba, Issa bin Hamisi, alivuka na chumvi ya Uvinza kwenda Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie. Ilikuwa miaka ya vurugu za Kongo. Watu walikuwa wanakimbilia kwetu, yeye akaenda kwao. Alisema siku tano. Siku ya nane mama alimkuta ufukoni mwanamke mkimbizi, mjamzito, mwenye homa kali. Jina lake Veronika. Akamleta nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Veronika alijifungua kwenye sakafu yetu ya udongo. Nilipoitwa ndani niliona damu, majivu, nzi, na vumbi la siku zote zile.

"Ramadhani, lete ufagio," mama akasema.

Shangazi Tatu, dada yake baba, alikuwa amesimama mlangoni.

"Wifi, unamfagia nani?"

"Nafagia damu, wifi. Kichanga hakiwezi kulala humu."

"Huyo umemwokota jana. Na mumeo je?"

"Mume wangu angekuwepo, ufagio angenipa yeye."

"Haya, fagia. Ukimaliza uniletee kaka yangu."

Mama alianza kufagia, ametugeuzia mgongo. Mimi nikatumwa maji.

Baba hakurudi. Hata ubao wa mtumbwi haukuonekana. Veronika alipona, akapelekwa kambini na mwanawe, hatukusikia habari zao tena. Shangazi akaanza kumwita mama Mfagiaji, sokoni, kisimani, hata msibani. Mama aliitika.

Shangazi alipopooza, watoto wake walikuwa mbali. Mama alimchukua, akamlisha na kumwogesha kwa miaka tisa. Nilikuwa mwalimu tayari, nikija likizo nawasikia.

"Mfagiaji, maji."

"Abee, wifi. Nakuja."

Shangazi alitangulia kufa, mama akafuata. Tulipotoa vitu vya mama, chini ya kitanda chake nilikuta chungu kidogo, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na vumbi, majivu na vibonge vyeusi vilivyokauka. Nilikaa chini na chungu kile mapajani kwa muda mrefu kabla sijaelewa. Siku ile mama alifagia, lakini uchafu hakuutoa nje. Nyayo za baba alizikusanya, akazihifadhi humo humo ndani ya nyumba.

Neno moja kwa shangazi lingetosha. Hakulisema. Kwangu pia hakulisema, na mimi sikumuuliza, kwa sababu miaka yote ile niliamini alivyoamini shangazi. Nilikuwa namsalimu mama, nampelekea sukari na kitenge, na moyoni najua kwamba ndiye aliyemfagia baba.

Jirani mmoja alinyoosha mkono akichukue chungu, akamwage. Nikamwambia aache.

Sikulia siku ile, wala baadaye. Mimi ni mtu wa shule, mambo ya nyayo siyaamini. Chungu kiko chini ya kitanda changu, hapa mtaani ninakoishi, Rusimbi. Chumba nafagia mwenyewe kila asubuhi, chungu nakizunguka.