Karatasi Juu ya Kioo

Wifi yangu tunamwita Sikio, na jina hilo nilimpa mimi. Wimbo ukipigwa nyumba ya tatu, naye yuko jikoni anaosha vyombo, atakuambia ni upi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ukikohoa chumbani anajua kama umekasirika au umepaliwa na maji. Kaka yangu analalamika kwamba ameoa mtu asiyedanganyika hata kwa mlio wa funguo mlangoni. Kwa kipawa hicho akapata kazi ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye lifti mbovu, nami nikajivuna kwa majirani utadhani sikio lenyewe ni langu.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu akiweka video mtandaoni na ndani yake mna wimbo wa mwenzake, kampuni inayosimamia hakimiliki ya wimbo huo hupeleka malalamiko. Mashine huchuja, na zile ambazo mashine haina uhakika nazo huletwa kwa akina Sikio. Wao husikiliza na kuamua: ibaki au iondolewe. Video mia tatu kwa siku. Mwanzoni alikuwa anatazama na picha, akawa anarudi nyumbani macho mekundu, maana watu huweka kila kitu huko, ajali na vilio na misiba yao. Msimamizi akamfundisha ujanja wa ofisini.

"Wimbo hauna sura," alimwambia, akabandika karatasi juu ya sehemu ya kioo inapotokea picha.

Wote pale walifanya hivyo, safu nzima ya kompyuta zimefunikwa macho. Alipotusimulia tulicheka.

Sasa sikia. Asubuhi moja walinzi wa soko walikuja kuwaondoa watu waliopanga meza kando ya njia. Fundi viatu wetu, mzee aliyetushonea viatu ukoo mzima, alipigwa, meza yake ikavunjwa, akachukuliwa. Huko polisi ikaandikwa kwamba alimvamia mlinzi kwa kisu cha kukatia ngozi. Lakini mwanamke mmoja anayeshona nguo mkabala naye, Mama Cherehani, alikuwa amerekodi yote kwa simu na kuyaweka mtandaoni saa ile ile. Kabla ya adhuhuri video ilikuwa imeondolewa. Na kwa kuwa alishaonywa mara mbili huko nyuma, kwa kutia nyimbo kwenye video za magauni yake, safari hii akaunti nzima ilifungwa. Kesho yake walinzi walirudi, wakaichukua na simu.

Alikuja kwetu Jumapili amefura.

"Eti nimeiba wimbo! Mimi! Redio ya jirani inaimba yenyewe, nikaizime kwanza, watu wanapigwa?"

"Wimbo gani?" Sikio akauliza.

Mama Cherehani akauimba kidogo, vibaya sana. Wifi yangu alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena lile lile.

Mgeni alipoondoka alinifuata uani.

"Wifi, ile niliifuta mimi. Wimbo ulikuwa kwenye kiitikio, na nyuma yake mtu anapiga kelele, 'Sina kitu! Mikono yangu hii hapa, sina kitu!' Nikaandika: muziki, sekunde kumi na nne. Nikabonyeza."

"Hukuijua sauti ya mzee?"

"Nilisema moyoni, huyu kama namjua. Halafu ikaja nyingine."

Nilimwambia anyamaze. Alikuwa ametia sahihi ya kutotoa nje mambo ya ofisi, na kaka wakati huo hakuwa na kazi. "Maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia, nikajiona mwenye busara. Linaloniuma ni kwamba alinitii.

Kimyakimya alimwomba msimamizi airudishe. Akaambiwa mwenye video apinge mwenyewe. Akaenda na fomu kwa Mama Cherehani. Ilitaka jina kamili, mahali anapoishi, namba ya simu, na akubali yote hayo yapelekwe kwa aliyelalamika.

"Niandike ninapolala?" Mama Cherehani aliuliza. "Simu wameshachukua. Sasa wanifuate na kitandani?"

Akairudisha ile fomu bila hata kuikunja, na kutoa ushahidi mahakamani nako akakataa. Wakili wa mzee naye aliandika barua kuiomba video, akajibiwa kwamba akaunti ikifungwa vilivyomo hufutwa. Sekunde kumi na nne za wimbo ambao mwimbaji wake ameshakufa, ndizo zilizolindwa! Hasira zinanipanda nikikumbuka, ila hazifiki mbali, kwa sababu najua na mimi nilichofanya.

Siku mbili kabla ya kesi, mke wa fundi alikuja na viatu vyangu vyeusi kwenye mfuko.

"Alivimaliza asubuhi ile ile," alisema. Kisha akamgeukia Sikio. "Mwanangu, wewe unafanya kazi za mitandao. Hivi anayefuta hizo video ni nani? Niambie nimwendee, hata magoti nitampigia."

Nikawahi mimi. "Mama, si mtu. Ni mashine tu zile."

"Ni mimi, mama," Sikio akasema.

Nilisubiri kofi, au laana. Yule mama aliweka mfuko chini polepole.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisemaje?"

Sikio akamwambia, neno kwa neno. Mama alifumba macho akamsikiliza mumewe kutoka kinywani mwa aliyemfuta.

"Basi kayaseme hayo kwa hakimu," alisema. Mimi hakunitazama tena.

Sikio alikwenda, na kazi yake ikaisha siku hiyo hiyo. Alisimama akaeleza alivyofanya, akayarudia maneno ya mzee kwa sauti ile ile aliyoisikia, mpaka mzee mwenyewe kizimbani akainua mikono bila kujijua. Hakimu alimsikiliza kwa upole.

"Mtu anaweza kusema hana kitu, na anacho," alisema. "Video ilikuwa mbele yako. Mikono yake ilikuwa mitupu?"

Wifi yangu, ambaye hadanganyiki na kudanganya hajui, alimtazama mzee.

"Sikuiona mikono, mheshimiwa. Nilikuwa nimemfunika kwa karatasi."

Mzee alifungwa mwaka mmoja na nusu. Viatu vyangu vyeusi viko chini ya kitanda, soli mpya, na sijathubutu kuvivaa.