Mkulima wa Kuazimwa

Theopista alitoka Masasi akiwa mjane, na kitu alichokuja nacho Dar es Salaam kikamfaa ni mikono iliyozoea jembe. Wenzake walikwenda Upanga kufua nguo za watu. Yeye aliteremka bonde la Jangwani, akakuta kipande cha ardhi ambacho hakikutakiwa na mtu kwa sababu ya mafuriko, akapanda mchicha. Kila alfajiri alipeleka mafungu Kariakoo, na soko likifungwa alizoa majani yaliyooza na maganda ya ndizi, akayafukia shimoni pamoja na kinyesi cha kuku mpaka yageuke udongo mweusi. Aliishi hivyo miaka kumi na miwili, bila kujua kwamba katika ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini kulikuwa na mtu aliyelipwa mshahara kwa ajili ya kumwendeleza.

Mtu huyo ni Bwana Eliasi, ofisa wa kilimo, aliyesomea ng'ambo miaka minne. Alimwendeleza mkulima mdogo kwa ripoti, kwa semina, na kwa ramani ya vijiji iliyochomwa pini nyekundu. Mchicha aliujua vizuri, hasa ukishaungwa kwa nazi.

Mwaka 1976, soko jipya la Kariakoo likinukia saruji bado, wafadhili waliandika kwamba wamechoka kusoma ripoti. Wanakuja, na wanataka kumwona mkulima mdogo kwa macho yao. Ofisini pakawa hapatoshi. Gari moja la kuwapeleka vijijini halikuwa na matairi, na la pili lilikuwa arusini Morogoro. Bwana Eliasi akawakumbuka watu anaowajua wanaolima, akampata mmoja tu: mama anayemuuzia mboga.

Alimwamkia Theopista kwa adabu ambayo hakuwahi kumpa, akamweleza shida. Aje kesho ofisini, aseme anatoka kijiji kimoja cha ndani huko Kisarawe, na kwamba mbolea ya gunia iliyoletwa na ofisi imembadilishia maisha. Atapewa doti ya kitenge.

"Kwani nikisema natoka Jangwani nitakuwa si mkulima?" aliuliza Theopista.

"Mkulima wa mjini hayumo katika mpango, mama."

Alikubali. Kitenge alikitaka, lakini zaidi alitaka kuiona hiyo ofisi.

Kesho yake akaketishwa mbele, chini ya feni, akatambulishwa kuwa Ndugu Theopista aliyesafiri kutoka mbali. Wakubwa wakapiga makofi. Mgeni mmoja mrefu, aliyejifunza Kiswahili, akamuuliza taratibu mbolea imemsaidiaje. Theopista alikuwa amenuia kutimiza ahadi. Ila ulimi ulikataa kusifia kitu ambacho jicho halijakiona.

"Ya gunia bado haijanifikia, mwanangu," alisema. "Nadhani iko njiani."

Kisha akaeleza habari za shimo lake, maganda na kuku, na wageni wakawa wanaandika mbio. Mgeni mrefu akauliza shamba liko umbali gani. Bwana Eliasi akawahi kujibu kwamba ni mwendo wa siku nzima, na barabara ni mbaya.

"Twendeni kwa mguu," alisema Theopista. "Mtarudi chai yenu ikiwa ya moto."

Wakaenda, wakubwa nyuma, viatu vikididimia topeni. Mgeni akapiga magoti, akanusa udongo. Bwana Eliasi alibaki barabarani kulinda viatu vyake, hadi mkuu wake alipomwita aje ataje mimea. Akaunyooshea kidole mnavu, akasema ni pilipili changa. Theopista alitazama pembeni. Alimwonea haya, kama mtu anayemwonea haya mkwe aliyejikwaa mbele za watu.

Kitenge hakikuja. Bwana Eliasi alipata barua ya kumpongeza, iliyomhamishia kijijini akaishi karibu na wakulima. Inasemekana aliugua mara mbili kabla ya kusafiri.

Msaada nao ulifika, baada ya miezi saba, katikati ya masika, bonde zima likiwa maji. Lori lilileta magunia kumi na mawili ya mbolea na bango kubwa la mbao: SHAMBA LA MFANO. Theopista alimwomba dereva arudi mvua ikikatika. Dereva akasema mpango unasema leo, akachukua alama ya dole gumba lake kwenye karatasi, akashusha, akaenda zake. Mvua ikayeyusha magunia yote kabla ya Ijumaa, na matete ya mto Msimbazi yakastawi mwaka ule kuliko miaka yote.

Maji yalipopungua, Theopista alilaza bango juu ya mfereji, maandishi yakitazama chini, ili wanawake wavuke na makapu yao bila kulowa. Jirani yake Kuruthumu akamuuliza kama haogopi, maana ile ni mali ya serikali.

"Lililetwa kuwasaidia wakulima wadogo," alisema Theopista, akalikanyaga kuona kama linayumba. "Haya, pita."