Siku Niliyofukua Mji wa Uru Huko Garissa

Mtu akitaja Uru, ule mji wa kale wa Wasumeri, masikio huniwaka moto hadi leo, na nyinyi mlioanza kucheka subirini nimalize.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, serikali ikipambana na waasi wa kaskazini mashariki, nimetumwa Garissa kutoka bara kufundisha historia, na digrii yangu ilikuwa mpya kiasi kwamba niliitaja hata nikinunua sukari. Niliwaeleza wanafunzi kwamba Uru uligeuka kilima kwa sababu watu walijenga juu ya takataka za waliowatangulia, miaka na miaka, na anayechimba hujua nani aliishi pale na alikula nini. Kisha nikaona kilima kidogo cha udongo nyuma ya shule, upande wa kambi ya askari, nikaamua tutachimba chetu siku ya wazazi. (Kuomba ruhusa hakukunijia akilini.)

Wazazi walifika wengi, wafugaji ambao serikali ilikuwa imewanyang'anya mifugo kama adhabu (kosa lao ni kuishi karibu na mahali gari liliposhambuliwa). Bwana D.O., mkuu wa tarafa aliyewaapia barazani kwamba wanyama wote wako salama bomani, akaketi mbele. Nikapiga vigingi na kamba, nikajifunga leso shingoni kama wataalamu wa kwenye picha, nikachimba mwenyewe. Punde nikafikia mifupa, halafu ngozi ya ngamia, bado ina manyoya, nikaiinua kwa furaha.

"Tabaka la kwanza," nikatangaza. "Wakazi hawa walipenda nyama."

Mama mmoja akaja, akaigeuza ngozi sehemu ya shingo, pale ambapo kila ukoo huchoma chapa yake.

"Maalim, hii ngamia ni yangu."

"Mwalimu, fukia hiyo takataka," akasema D.O.

"Atafukia baadaye. Maalim, wewe umesema ukichimba unajua nani alikula. Haya, nani alikula?"

Watu wote wakanitazama. Nami, ambaye Jumamosi iliyopita nilikuwa mgeni kwenye mesi ya maofisa kule kambini na kuomba niongezwe ubavu wa ngamia mara ya pili, nikajisikia nikisema kwamba utafiti bado unaendelea.

"Kumbe hata wewe," akasema, akaikunja ngozi yake na kuondoka nayo. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Wiki haikuisha nikahamishwa, kwa manufaa ya elimu. Mama yule hakulipwa ngamia wake. Tangu hapo Uru naufundisha kwa chaki na ramani, na kwenye meza ya wakubwa huuliza kwanza nyama imetoka wapi. Siku hizi hawanialiki.