Nyayo Mbili kwenye Meza ya Mvule

Wiki iliyopita nilipita Namuwongo, hapa Kampala, kando ya reli, nikapiga chafya tatu mfululizo mbele ya karakana moja. Sikuhitaji kuchungulia ndani; nilijua wanaranda mvule. Vumbi lake huwasha pua kama pilipili, nami nalijua tangu nina miaka minane, baba yangu alipokuwa seremala mgeni hapo hapo, katoka Bukavu na hajulikani na mtu.

Mvule ulikuwa adimu hata wakati ule, na Baba alipopata ubao wake aliubeba kama mtoto mchanga. Aliniambia mchwa hawaugusi, na kwamba ndani yake mara nyingine mna jiwe jeupe linalovunja meno ya msumeno. Jambo moja tu hakuniambia: ukirandwa leo huwa wa manjano, kisha jua huugeuza kahawia.

Kazi yake ya kwanza Kampala ilikuwa meza ya Hajati, mama wa Kinubi aliyeuza vitambaa. Akipendezwa, angetuletea ukoo mzima. Asipopendezwa, ndiyo basi tena. Baba aliiranda, akaiacha uani ikolee rangi, kisha malaria ikamlaza wiki nzima. Mimi nami nikaosha sandali zangu za shule, nikazianika juu ya ile meza, na kwa kuwa ilikuwa likizo, nikazisahau nikicheza pekupeku.

Hajati alikuja siku Baba alipoinuka kitandani. Nilikimbia kuzinyakua sandali, nikazificha mgongoni. Jamani, meza yote ilikuwa kahawia, isipokuwa nyayo mbili za manjano katikati, utadhani mtu alipanda pale kuhutubia.

“Fundi, nani alisimama juu ya meza yangu?”

“Ni miye, Mama,” Baba akasema. “Niliacha sandale yangu kwa jua, nikasahau. Rangi itarudia.”

Hajati akatazama nyayo, akatazama miguu mipana ya Baba.

“Kumbe wewe iko na miguu kidogo sana,” akasema, akakubali kungoja.

Miaka mingi niliamini Baba alidanganya kwa kumwogopa mteja. Sasa nina wanangu, na naona nilikosea kabisa. Angesema tu ni mtoto, Hajati angecheka na yangeishia hapo. Lakini fundi anayeanika viatu juu ya meza ya mteja, nani atampa kazi ya pili? Mbele ya mtu wa kwanza kumwamini katika mji huu, baba yangu alikubali aonekane fundi mzembe, ili mimi nisitazamwe kwa jicho baya hata mara moja.