Karatasi Niliyoichota kwa Upawa

Nakumbuka, mwanangu, Jumanne moja hapa hapa Temeke, enzi za Mwingereza, nikiwa mke kijana mwenye mdomo mkali kuliko pilipili niliyokuwa nikitwanga. Tarishi wa baraza la liwali alifika na baiskeli yake, akapiga hodi.

"Bi Zuhura? Chukua samansi yako. Jirani yako Sefu amekushitaki."

Sefu! Alikuwa ndiyo kwanza arithi shamba la babake, na sasa alidai minazi kumi na miwili iliyoizunguka nyumba yangu. Minazi ile aliipanda marehemu baba yangu, kwa ruhusa ya babake Sefu. Kwetu Pwani ardhi huweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule. Nazi zangu, makuti ya paa langu, hata fagio la uani, vyote vilitoka pale.

Siku zile wengi tuliamini kesi haikushiki mpaka uipokee karatasi kwa mkono. Basi nikaificha mikono ndani ya kanga, nikapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mie sijaigusa! Jamani, mmeniona, sijaigusa!"

Tarishi hakugombana. Aliwaita majirani wawili washuhudie, akaichomeka karatasi mlangoni, akapanda baiskeli yake. Nami nikaichota kwa upawa, nikaitupa nyuma ya mtungi, nikacheka.

Kesho yake adhuhuri akaja shangazi yangu Mwajuma. Nikamwamkia shikamoo, nikamsimulia ushujaa wangu. Hakucheka.

"Nani amekusomea?"

"Nisomewe ya nini, shangazi? Sijaipokea."

"Mpumbavu wee! Usipotokea, atasikilizwa Sefu peke yake. Lete hiyo karatasi!"

Tukaikimbiza kwa muuza duka. Akasoma: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kesho! Nikafunga kibwebwe nikamtukane Sefu. Shangazi akanishika mkono.

"Matusi yako atayapeleka barazani yawe ushahidi wake. Sema, nani alishuhudia kwamba minazi ilikuwa ya babako?"

Wazee wote wawili, baba yangu na babake Sefu, walikwisha kufa. Nikafikiri, nikafikiri, kisha nikapiga kelele: "Kibwana! Mkwezi wa baba!" Alikuwa amehamia Kinondoni. Mwanangu, tulikwenda kwa miguu, karibu kukimbia, jua la alasiri machoni, na tulipomkuta akisuka kamba nusura nimkumbatie!

Njiani shangazi alinionya: "Ardhi ni ya Sefu. Ukiulizwa, kubali. Ukiikana hiyo, nani atakuamini kwenye minazi?"

Asubuhi liwali akaniuliza, "Ardhi ya nani?" Ulimi uliniwasha! Nikasema, "Ya Sefu, bwana. Minazi ni yangu." Watu wakanong'ona. Kibwana akasimama.

"Vidato vya kukwelea minazi hiyo nilivikata mimi, kwa agizo la babake huyu bibi. Kila nikiangua, ujira wangu wa nazi alinipa yeye."

Liwali akamgeukia Sefu. "Nyumbani kwenu mliwahi kumpa mkwezi huyu ujira wa minazi hiyo?"

"Hapana, bwana," Sefu akakiri. Minazi ikabaki yangu, na ardhi ikabaki yake. Nilirudi Temeke nikipiga vigelegele mwenyewe njia nzima!

Kwa hiyo, mwanangu, siku ukishitakiwa, ipokee karatasi. Kushitakiwa si kushindwa. Umeitwa tu useme yako. Isome, au usomewe, siku hiyo hiyo: nani anakudai nini, baraza gani, lini. Usiende kugombana na aliyekushitaki. Tafuta walioona kwa macho, na kila hati uliyonayo. Likikuelemea, muulize anayezijua sheria mapema, si jioni ya kuamkia kesi kama mimi. Lililo kweli likubali, ili lililo lako uweze kulitetea. Na siku ikifika, nenda.

Mungu akuepushe na baraza, mwanangu. Akikujaalia kuitwa, akupe miguu ya kufika, na ulimi mtulivu kuliko wangu. Sasa nenda uani ukatuangulie madafu. Vidato vya Kibwana bado vipo.