Kufuli Ndani ya Ndoo ya Sembe

Neno la kwanza la Kihispania nililojifunza ni puerta, yaani mlango, na siku hiyo mlango wetu ulikuwa umelala chini baada ya mume wangu kuupiga teke. Nilikuwa nimejifungia chumbani nikisubiri hasira zake zipoe. Komeo letu la ndani lilikuwa kichuma chembamba tu, halikuhimili hata teke la kwanza. Alinipiga ngumi za mbavu, akavaa ovaroli lake, akarudi kwenye foleni ya malori pale mpakani Tunduma, ambako alikuwa fundi wa breki. Mimi nikanawa uso, nikapanda bajaji kwenda kwa Sista.

Sista ni mtawa mzee na muuguzi kutoka Hispania. Amekaa Songwe miaka mingi hadi Kiswahili chake kina lafudhi ya Kinyiha, na mimi ndiye niliyekuwa namshonea mapazia ya zahanati. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi kwao, ya kumhudumia bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Mkataba wa kazi ulishakuja na pasi yangu ya kusafiria alinifichia kabatini kwake. Kilichokwama ni chumba. Bila anwani ya mahali nitakapoishi, kibali hakitoki. Alimjua mjane mmoja kule mwenye vyumba vya kupangisha, ila huyo mama hapangishi mtu ambaye hajaongea naye kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama ni kwa simu. Nikapewa wiki sita za kujifunza kabla ya simu hiyo.

Nilijifunzia kwenye cherehani. Niliandika maneno kwa chaki ya kukatia nguo juu ya meza, nikawa nakanyaga pedeli huku nayataja: habitación ni chumba, ventana ni dirisha, cama ni kitanda, llave ni ufunguo, nayo unaitamka yave. Wateja wangu wa upande wa Zambia walidhani nasali. Mume wangu akipita, nafuta kwa kiganja. Kibemba nilikijua kwa kuuza tu, hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo sikuogopa lugha. Nilichoogopa ni yeye kuuliza najifunza ya nini.

Wiki ya pili nilijifunza maneno ya jikoni na jicho likavimba, kwa sababu mboga ilikuwa na chumvi. Wiki ya nne nilijifunza kuuliza kama maji yanatoka kila siku, nikiwa sijaweza kugeuza shingo. Msiniulize kwa nini sikuondoka. Niliondoka mara mbili. Kaka zangu kule Ileje waliketi kikao, wakala kuku wa mume wangu, wakanirudisha wenyewe hadi mlangoni na kuniambia nivumilie. Niliwachukia, na sioni haya kulisema.

Kosa langu lilikuwa kufuli. Kwetu ukipanga chumba, mwenye nyumba anakuonyesha mlango wenye pete mbili za chuma kwa nje, basi. Kufuli unakuja nalo mwenyewe. Ukilikuta la mpangaji aliyehama ukalitumia, ukaibiwa, utachekwa na wapangaji wote. Hata sikufikiria kumuuliza Sista, maana nani anauliza jambo kama hilo? Wiki ya sita, siku moja kabla ya simu, nikashuka Mlowo, mahali asiponijua mtu, nikanunua kufuli zito la shaba lenye funguo tatu. Nikalizika ndani ya ndoo ya sembe.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya kuvaa kwa Sista. Simu ilikuwa saa sita. Mume wangu aliingia akitafuta simu yangu ya mkononi, kwa kuwa kuna mtu alimwambia ameniona Mlowo. Akapekua godoro, akapekua kabati, akazamisha mkono kwenye ndoo. Ukatoka mweupe hadi kwenye kiwiko, umeshika kufuli.

Angeiona pasi ya kusafiria ningesema ni ya kwendea Zambia. Angeyaona maneno ya chaki mezani ningesema ni nyimbo za kwaya. Lakini kufuli jipya kila mtu analielewa. Ni mtu anahama.

"Umepanga wapi?" akaniuliza, taratibu kabisa.

"Sijapanga."

"Na ufunguo wa tatu ni wa nani? Umempa nani?"

Hakungoja jibu. Alifumbata kufuli ndani ya ngumi, akanipiga nalo mdomoni. Nilisikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Akanipiga tena, nikaangukia meza, akanishika nywele anigonge ukutani. Mkono wangu ukakutana na pasi ya mkaa. Nikamkandamiza nayo begani, kwa nguvu zangu zote, hadi ovaroli likatoa moshi. Akapiga ukelele wa kuita majirani. Mimi nilipopiga kelele miaka yote ile hawakuja, ila yeye walimjia wanne. Nikapita katikati yao nikikimbia peku, na nilifurahi. Hadi leo nikikumbuka ule moshi, nafurahi.

Sista alinishona mdomo nyuzi tatu. Akasema, "Mwanangu, nitampigia nimwambie unaumwa." Nikatikisa kichwa. Chumba kilikuwa na mwingine anayekitaka, na mimi sikuwa na pa kurudi jioni ile. Akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, tukakaa.

Mjane alikuwa na sauti kavu. Aliuliza nitaishi na nani. Nikasema sola, peke yangu. Damu ikanijaa mdomoni, nikaimeza. Akauliza kwa nini naongea hivyo, kama nimelewa. Sista akafungua mdomo, nikamzuia kwa mkono. Nikasema neno kwa neno, yale niliyokuwa nayo: mume, mlango, ufunguo, mdomo. Hayakuwa sentensi. 

Kisha akauliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja nililoliandaa tangu Mlowo: kufuli nije nalo, au nitanunua huko? Hakuelewa, Sista akamfafanulia. Akajibu kwa upole ambao sikuutarajia kwamba mlango wa chumba una kitasa chake, na unafungwa por dentro.

"Maana yake?" nikamuuliza Sista.

"Kwa ndani."

Nikamwomba mjane arudie. Akarudia. Nikalia wote wawili wakinisikia, nyuzi zikaniuma, na chumba nikapewa.

Wiki tatu zilizobaki hadi kibali kitoke nililala zahanati. Siku niliyofika kwa yule mjane sikufungua hata begi. Niliingia chumbani, nikazungusha ufunguo, nikakaa sakafuni nimeegemeza mgongo kwenye mlango. Baada ya muda akagonga, mara mbili, polepole, kuniita chakula. Nikaukandamiza mlango kwa mgongo. Nikamwambia kwa Kihispania changu kibovu kwamba naomba asubiri kidogo.

Akasubiri.