Kanga ya Njano Kwenye Benchi

Ukitaka cheka, lakini haya yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, hapa Songea, na sikuwa nimelewa.

Kuna zahanati moja mtaa wa Mfaranyaki, jina lake naliacha. Kompyuta yao ilikuwa inachanganya taarifa za wagonjwa. Mama mmoja mwenye mzio wa penisilini aliletewa faili la mtu mwingine, akachomwa sindano, akafa palepale. Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa programu. Na huku wagonjwa wanaendelea kuchomwa, jamani!

Nilikaa mlangoni mwa chumba cha sindano, nikichambua draiva ya diski, ile programu inayopanga foleni ya maombi ya kusoma na kuandika mafaili. Kosa linakuja, linapotea. Nilikaribia kulia kwa hasira.

Mvua ikaanza. Si unajua tunavyoshika nafasi? Mtu anatandika kanga kwenye benchi, anatoka kununua maandazi. Palikuwa na kanga ya njano. Binti mjamzito aliyetoka Tunduru akaangaza macho, hakuona mtu, akaikalia. Papo hapo akaingia mama mmoja, mkavu kabisa kwenye mvua ile, naye akakaa. Palepale. Ndani ya yule binti. Niamini! Nyuso mbili, shingo moja.

"Mwanangu, hapa pangu," yule mama akaniambia mimi, kisha hayupo.

Hapo ndipo kosa la kompyuta nikaliona. Maombi mawili yanaangalia nafasi moja kwa pamoja, yote yanaiona tupu, yote yanakaa. Moja linaondoka na majibu ya mwenzake.

Muuguzi akaita, sindano mkononi: "Binti wa Tunduru, ingia."

"Sista, subiri! Muulize kwanza kwa mdomo kama penisilini inamdhuru!"

"Penisilini?" binti akashtuka. "Hapana, sista, ile inanivimbisha koo."

Kompyuta ilisema hana tatizo lolote. Sista akaegemea ukuta, akaiona kanga ya njano pale benchi.

"Hii tulimfunika nayo marehemu," akanong'ona. "Alizikwa nayo."

Nilirekebisha. Sasa kuangalia nafasi na kuichukua ni tendo moja, limefungwa kwa kufuli, hakuna wa kupenya katikati. Taarifa hazijachanganyika tena. Lakini mvua ikinyesha, kwenye foleni linatokea ombi lisilo na mwenyewe, linataka faili la yule mama. Nikilifuta, linarudi. Basi nalifungua faili, namsomea kwa sauti: ana mzio wa penisilini, asichomwe. Hapo linaondoka.

Wewe unayenisikia, ukiitwa kuchomwa sindano, sema kwa mdomo wako mwenyewe. Na kanga ya mtu kwenye benchi, tafadhali, usiikalie.